Siku ya Kuvua Nguo Nyeusi

Nimfa alipakua wali, akaweka samaki mkavu juu, akafunika sahani ya mumewe, Berting. Ulikuwa karibu mwaka tangu Kardo amvizie Berting na kumwua kwa kisu. Bado Nimfa alimpakulia, na chakula chake mwenyewe alikila kikiwa kimepoa.

Jirani yake Charing, karani wa ofisi ya mtaa, aliingia akaiona barua mezani.

"Mahakama inakuita Ijumaa, shoga."

"Ijumaa Berting anatimiza mwaka kaburini. Kuna sala, na mimi navua nguo nyeusi za msiba. Nani atawapikia wageni? Kesi ni ya serikali, waendelee nayo."

"Nitapika mimi."

"Wewe? Tambi zako zinashikana kama gundi."

"Watazila hivyo hivyo. Sasa nisikilize. Kardo anaomba kukiri kosa dogo zaidi, la kuua bila kuvizia, ili kifungo kipungue. Mwendesha mashtaka lazima akubali, na wewe pia lazima uulizwe. Lakini umeshaitwa. Usipokwenda, wanaweza kukubaliana bila wewe."

Nimfa akakaa. "Nikikataa?"

"Kesi inaendelea, mashahidi wanaitwa. Asikulazimishe mtu. Na hakimu ndiye anayeamua mwishoni. Wewe unataka nini?"

"Namtaka Berting."

"Hilo hawana, mwenzangu."

"Basi nataka kujua alisema nini mwisho. Kardo tu ndiye aliyemsikia."

"Mwambie mwendesha mashtaka kabla hujajibu lolote."

Ijumaa Nimfa alikwenda na nguo zake nyeusi. Mwendesha mashtaka alimsikiliza, akaenda kuzungumza na wakili wa Kardo. Kardo akakubali kusema mbele ya hakimu.

Alisimama, macho chini. "Nilimchoma kisu njiani. Alisema, 'Niache niende nyumbani. Nimfa hali chakula mpaka nifike.'"

Nimfa alishika ukingo wa benchi. Hakimu alimsubiri, kisha akamwuliza kama anakubali Kardo akiri kosa dogo.

"Nakubali," alisema. "Nilichokitaka nimekisikia."

Kardo alikiri, akahukumiwa kifungo siku ile ile.

Jioni alisali na wageni nyumbani mpaka sala ikaisha. Nimfa alivua nguo nyeusi, akavaa gauni la buluu ambalo Berting alilipenda. Charing akamletea tambi.

"Zimeshikana," Nimfa alisema.

"Kula, wewe."

Hakumfunikia Berting sahani. Alitazama mlango mara moja, kisha akala zikiwa bado za moto.