Kisanduku Chekundu cha Mbeyu

Asubuhi ile wagonjwa walikuwa wameketi barazani wakimcheka kuku aliyeingia chumba cha dawa na kukataa kutoka. Upepo ulikuwa mzuri. Dada yangu Kadzo, muuguzi wa zahanati moja kati ya Kinondo na Gazi, ndiye aliyenisimulia. Mengine niliyaona mwenyewe.

Mbeyu alifika akichechemea. Kazi yake ilikuwa kupanda mikoko kule Gazi, na ganda la chaza lilikuwa limemkata wayo hadi mguu ukavimba. Kadzo alimkaribisha kitandani, akafungua jina lake kwenye kompyuta.

Zahanati ile ilitumia programu huria ya kutunza habari za wagonjwa, ile ambayo kila kituo huipata bure na kuipanga kitakavyo. Ukifungua jina la mtu, unaletewa ukurasa wake wa mbele wenye visanduku: presha, uzani, dawa anazomeza. Juu kabisa palikuwa na kisanduku chekundu cha dawa zinazomdhuru. Mbeyu alikuwa nacho. Zamani alidungwa penisilini, koo likafunga, akanusurika kwa rehema ya Mungu. Alipoandikishwa alilisema hilo, akaambiwa asiwe na wasiwasi, kila atakayemtibu ataliona.

Lakini wiki hiyo Daktari Chengo, msimamizi wa zahanati, alikuwa akitarajia wageni kutoka nje waliotaka kuiona programu ikifanya kazi. Alitaka ukurasa wa kupendeza, wenye michoro ya rangi. Akamwagiza Nahashon, fundi wa kompyuta kutoka Ukunda, akiondoe kisanduku chekundu kwa kuwa kinachukiza macho. Nahashon alibisha, akaambiwa habari hazifutwi, zimo ndani, anayezihitaji atazitafuta. Akakiondoa. Wauguzi hawakuambiwa lolote.

Kadzo aliandaa sindano ya penisilini. Mbeyu alipoiona aliuliza kwa sauti ndogo, "Dada, umeyaona yangu humo?"

Kadzo aliutazama ukurasa. Michoro mizuri. Hakuna chekundu.

"Nimeyaona," akasema.

Mbeyu akamwamini. Akageuka akadungwa.

Midomo ilianza kuvimba kabla pamba haijatupwa. Akashika koo. Dawa ya kumwokoa ilikuwa kabatini hatua chache tu kutoka kitandani, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa Chengo, naye alikuwa hotelini Diani akila na wageni wake. Kadzo alilivunja kabati kwa jiwe. Alipoifikia dawa, Mbeyu alikuwa ameacha kuhangaika. Macho yake yalibaki wazi, yameelekea kwenye kompyuta.

Chengo aliporudi alifunga mlango akamnong'oneza dada yangu, "Aliyedunga ni wewe. Ukinyamaza, nitanyamaza."

Wala hakunyamaza. Matangani alisimama na tai yake akasema kwa upole kwamba sayansi ina mipaka yake, kifo cha ghafla namna ile hospitali haikijui, wenyeji wenyewe wanajua kinakotoka. Hakutaja mtu. Hakuhitaji. Shangazi yake Mbeyu, Bi Kahaso, alikuwa mama karanga, mkaanga samaki, na miaka mingi ya moshi ilikuwa imemtia macho mekundu. Hapa kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji ushahidi mwingine ili aitwe mchawi.

Vijana walimwendea mchana kweupe na petroli. Mimi nilipita mlango wa nyuma, nikampakia kwenye pikipiki hadi kwangu Bongwe. Nyuma yetu paa lake la makuti lilikuwa likilia kwa moto. Alinishika kiuno njia nzima. Tulipofika ndipo aliposema, "Mbeyu nimemlea mimi. Nimlee, kisha nimle?"

Siku ya kazi iliyofuata, Kadzo alifungua ukurasa wa mtoto mwenye kikohozi. Kisanduku chekundu kilikuwa kimerudi. Akafurahi, akadhani Nahashon amepata akili. Kisha akasoma.

*Penisilini. Koo linafunga. Niliwaambia.*

Akafungua ukurasa wa mzee wa kisukari. Yaleyale. Wa mama mjamzito. Yaleyale.

Nahashon aliitwa. Akakiondoa, kikarudi. Akatazama mpangilio wa ukurasa, mahali ambapo kila kisanduku lazima kiandikwe ndipo kionekane. Hakikuwamo. Akachomoa waya wa mtandao. Kikabaki.

"Sister, hii kitu haiko," akanong'ona. "Naiona, lakini haiko."

Kila siku kilikua. Kilimeza michoro. Kikameza uzani. Kikameza presha. Kitanda alichofia Mbeyu kikawa kinaamka kimelowa, na chumba kikanuka tope la mikokoni. Walibadilisha godoro. Likalowa.

Kisha maneno yakabadilika.

*Bado nasubiri.*

Chengo aliamuru kompyuta zizimwe. Zikazimwa. Kioo cha ile ya chumba cha sindano hakikuzimika. Nahashon akaitoa kwenye umeme. Chekundu. Akachomoa betri, akaishika mkononi. Chekundu.

Chengo akacheka, akaingia ofisini kwake, akafunga kwa ndani.

Hapo ndipo dada yangu alipochoka. Nilikuwapo, nilikuwa nimempeleka Bi Kahaso akapate dawa ya macho, amejitanda leso asitambuliwe. Kadzo alitoka barazani, akasimama mbele ya watu wote, akaita kama anavyoita wagonjwa kila siku.

"Mbeyu."

Watu wakageuza vichwa.

"Mbeyu, karibu. Ni zamu yako."

Akawageukia watu. Akasema sindano aliidunga yeye. Akasema kisanduku cha kumzuia kilikuwapo, na kiliondolewa kwa amri ya Chengo ili wageni wafurahi. Akautaja ufunguo. Akataja mahali ulipokuwa. Akasema Bi Kahaso hakumroga mtu, na waliochoma nyumba yake walitumwa na mwenye tai. Miongoni mwa waliokuwa wakimsikiliza nilimwona kijana mmoja wa wale wa petroli, amembeba mwanawe. Akainamisha kichwa.

Mlango wa chumba cha sindano ukafunguka. Hakukuwa na mtu.

Unyayo wa tope ukatokea sakafuni. Mmoja. Kando yake mburuzo. Kisha unyayo mwingine. Ulipita mbele yetu polepole, kama anayechechemea. Bi Kahaso alishusha leso, akanyoosha mkono hewani, akaurudisha umelowa.

Nyayo zikafika ofisini kwa Chengo. Zikaishia mlangoni. Upande wa nje.

Tukasikia kiti kikianguka ndani. Kisha mtu akikwaruza mbao. Kisha sauti nyembamba, kama ya pumzi inayopita kwenye tundu la sindano, "Ni mimi. Niliondoa mimi."

Tuliuvunja mlango. Alikuwa hai. Midomo imevimba, mikono shingoni. Kadzo alimdunga dawa ileile iliyokosekana kwa Mbeyu. Mimi ningemwacha. Yeye hakumwacha.

Chengo hakupata tena sauti, ana ule mnong'ono tu. Ati adhabu yake ikawa kuhamishwa, akapewa ofisi yenye kiyoyozi. Dada yangu alisimamishwa kazi. Bi Kahaso alirudi Gazi, na vijana walewale wakamwezekea paa bila kumtazama usoni, bila hata shikamoo. Kisanduku chekundu Nahashon alikirudisha juu kabisa, naye huapa hatakigusa tena. Maneno ya Mbeyu hayakuonekana tena pale.

Mwaka huu mke wangu alijifungua nyumbani, mtoto wa kike. Nilimpeleka kuandikishwa kituo kingine, upande wa Msambweni, ambako hakuna anayetujua. Muuguzi aliniuliza jina la mtoto. Kabla sijafungua kinywa akakunja uso, akageuza kioo nikione.

Ukurasa wa binti yangu ulikuwa tayari umefunguliwa. Juu palikuwa pekundu. *Asidungwe penisilini.*

Muuguzi aliuliza ni nani aliyetutangulia kumwandikisha. Jina lile tulikuwa tumelichagua alfajiri ile, mimi na mke wangu, chumbani, na hatukuwa tumemwambia mtu. Nalo lilikuwa limeandikwa pale, sawasawa, herufi kwa herufi.