Sabufa Kwenye Kiti cha Mama

Jumamosi tuliyokwenda kununua sabufa ilikuwa siku ya kawaida kabisa, yenye jua la kiasi na foleni ya kiasi. Mdogo wangu ni fundi wa vigae. Mkewe alikuwa amefariki miezi minne nyuma, ingawa kwa upande wa serikali alikuwa bado hai, maana cheti cha kifo kilikuwa hakijatoka. Nalijua hilo vizuri kwa sababu ofisi inayotoa vyeti hivyo ndiyo inayonilipa mshahara. Fomu ya shemeji ilikuwa imerudishwa mara mbili, mara ya pili kwa kukosa saini ya mhusika, yaani marehemu mwenyewe.

Sabufa ilikuwa ya binti yao, mtoto wa miaka minane, kiziwi tangu kuzaliwa. Tunamwita Kiganja kwa sababu hulaza viganja sakafuni na kuisikiliza nyumba: nani kaingia, nani kaburuta meza, nani kaangusha sufuria. Mama yake hakuwa na haja ya kumfuata chumbani. Aliketi kwenye kiti chake cha sebuleni, akagonga sakafu kwa kisigino, mara mbili kwa uzito na mara moja kidogo, kisha akasubiri. Kiganja alitoka alikokuwa, akaja. Tangu msiba hakuna aliyemwita hivyo, na hakuna aliyekaa kwenye kiti kile. Mtoto alikuwa haangalii tena mikono yetu tunapomsemesha kwa ishara. Baba yake aliona labda filamu zenye mngurumo wa kutosha zingemrudisha kwetu.

Fedha aliyokuwa nayo ilitosha kununua sabufa au kutengeneza pikipiki. Tulikwenda dukani kwa miguu.

"Hii, bosi, wati elfu tano," alisema muuzaji. "Majirani watahama."

Mdogo wangu ni mtu wa kusoma maandishi madogo kwenye mifuko ya simenti. Akaligeuza boksi. "Huku nyuma wameandika inakula wati themanini."

"Hizo ni za kuingia."

"Inakula themanini, inatoa elfu tano," nikasema. "Ndugu yangu, hii ipelekeni shirika la umeme."

Muuzaji hakucheka. Tukaishia kwa fundi redio wa mtaani, aliyekuwa na moja iliyotumika: spika ya inchi kumi ndani ya boksi la mbao lililozibwa pande zote.

"Zile zenye tundu zina kelele zaidi," alisema, "lakini kwenye chumba kidogo zinavuma tu, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Hii besi yake fupi, safi. Ila msiitupe kwenye kona. Iwekeni kwanza pale mnapokaa, juu ya kiti chenyewe, halafu mtambae chumba kizima. Mkiona besi imetulia mahali, basi hapo ndipo pake."

Ni mbinu halali. Nimeisoma hata vitabuni. Kosa lilikuwa letu.

Sebule ile ina viti vitatu, na kinachotazamana na runinga ni kimoja tu. Mdogo wangu alisimama mbele yake na boksi mikononi.

"Kaka?"

"Weka tu," nikamwambia. "Ni kiti."

Akaweka. Kiganja akatambaa, viganja chini, kigae kwa kigae, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikamwona akitabasamu. Alisimama karibu na dirisha, akatuonyesha: hapa. Tukaihamishia sabufa dirishani, tukawasha filamu. Mtoto akalala kifudifudi, lakini ameelekea upande wa kiti.

"Inatoka pale," alisema kwa mikono.

Baba yake alichomoa waya ukutani, amwonyeshe kuwa sabufa imezimika. Kiganja akatikisa kichwa. Vidole vyake vikaurudia juu ya kigae mtikisiko aliokuwa akiusikia. Mara mbili kwa uzito. Mara moja kidogo.

Akainuka, akaenda kukaa kwenye kiti cha mama yake, akajilaza nyuma. Kati ya mgongo wake na kiti palibaki nafasi ya upana wa mtu.

Tuliirudisha sabufa kwa fundi redio. Haikusaidia. Kila akitoka shule mtoto aliketi pale mpaka jioni, haombi chakula, haangalii mtu. Tukimnyanyua alikuwa wa baridi. Tukakitoa kiti nje, wazoa taka wakakichukua. Akaendelea kukaa palepale, sakafuni, ila kila siku mbele kidogo ya jana.

Nilipiga magoti mbele yake. "Mama anasemaje?"

Alinijibu polepole, kama anavyojibu watu wenye ishara mbovu.

"Mama alikuwa anagonga, anasubiri. Huyu anagonga, anakuja."

Nikamweleza baba yake. Alichukua mwiko, akachuchumaa, akaanza kugonga vigae kwa mpini, kama anavyofanya kabla ya kukabidhi kazi. Kigae kilichoshika kinatoa mlio mkavu. Kilichoachana na simenti kinalia tupu. Sakafu ile aliitandaza mwenyewe, na hajawahi kuacha kigae tupu.

Pale palipokuwa na kiti, kigae kililia tupu. Kilichofuata kizima. Kilichofuata tupu. Kizima. Tupu. Hatua za mtu mzima, zikaingia kwenye ujia, zikapita bafu.

Cha mwisho kilikuwa kando ya kitanda cha mtoto.

Walihamia kwangu siku hiyohiyo. Jumatatu nikaenda nao ofisini. Naona aibu kuliandika hili, mtu niliyesoma, lakini nilidhani faili likifungwa na kitu hicho kitafungwa. Niliibeba fomu mkononi, meza hadi meza. Kabla ya saa sita ikawa na saini zote, hata ile isiyowezekana. Mdogo wangu na Kiganja walikaa kwenye benchi la wananchi. Nikachukua muhuri.

Nakala zilikuwa tatu. Mbili niligonga kwa nguvu, kama kawaida yangu. Ya tatu mkono ulikuwa umechoka, nikagonga kidogo.

Kiganja aliinua kichwa. Hakunitazama mimi. Alitazama mlango. Macho yake yakafuata kitu polepole hadi kwenye benchi, kisha akajisogeza, akapisha.

Baba yake aliona. Alitoa mwiko kwenye mkoba wa kazi, akagonga kuanzia mlangoni. Sikuhesabu, niliacha kusikiliza kwenye kigae tupu cha tatu. Alipofika benchini aliinuka, akafuta magoti, akamshika binti yake mkono wa kulia. Wakatoka. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa umeinuliwa kando, vidole vimekunjwa, kama wa mtoto anayeshikwa na watu wawili.

Niliandika barua kuomba vigae vya ofisi vifanyiwe matengenezo. Majibu yalichukua wiki sita: vigae havina ufa, ombi halina msingi. Mwisho ule wa benchi wananchi hawakai, hata foleni ikifika nje. Hakuna aliyewakataza.