Taa Iliyofutwa Asubuhi

Asubuhi hiyo dereva alikunywa chai akiwa amesimama. Abiria walikuwa wakimsubiri awapeleke kazini. Mkewe alikuwa uani anafua. Kibasi chao kidogo kilikuwa kinanguruma getini.

"Ile taa ya njano ya dashibodi imewaka tena," dereva alisema. "Na jana injini ilizima ghafla pale sokoni."

"Tulia, kaka," akajibu mdogo wake, fundi wa magari aliyekuwa akiishi nao. Alichomeka kifaa kidogo cha kupimia gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Akatazama simu yake, akabonyeza "Futa". Taa ikazimika. "Umeona? Limepona."

Mke wa dereva akanyoosha mgongo. "Shemeji, umelitibu au umeliziba mdomo tu?"

"Shemeji, wewe na magari wapi na wapi!"

Wote wakacheka. Dereva akaondoka.

Kwenye mteremko wa machimbo ya mawe, injini ilizima. Usukani ukawa mzito. Breki nazo hutegemea nguvu ya injini; alikanyaga mara kadhaa, kanyagio likawa gumu kama jiwe. Abiria wakapiga mayowe. Upande mmoja kulikuwa na shimo la machimbo, upande wa pili ukuta. Dereva akachagua ukuta, akaugonga kwa upande wake. Abiria walitoka na michubuko. Yeye alichomolewa kwa mitaimbo, na hospitalini mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti.

Kibasi kilivutwa hadi nyumbani. Mke alijifunza kubadilisha bandeji bila kugeuza uso. Fundi aliacha kula na wenzake. Siku kaka yake aliporuhusiwa kurudi, alisema huku ameinama:

"Ni kompyuta ya injini, kaka. Imekufa. Nitatafuta nyingine, nibadilishe."

"Umejuaje?" mke akauliza.

Fundi akageukia kibasi, akafungua boneti.

"Shemeji, nimekuuliza. Umejuaje?"

Kisha mke akavaa kandambili, akaenda kwa jirani yao, mama mmoja aliyefundisha umeme wa magari chuoni. Jirani alikuja na kompyuta mpakato kwapani. Hakugusa spana. Alipima betri kwanza.

"Umeme ukiwa dhaifu, kompyuta ya gari huweza kutoa taarifa za uongo," alisema. Kisha akaunganisha waya, akafungua programu. "Sasa tunasoma. Hatufuti chochote. Hapa imeandika kwamba ishara ya mizunguko ya injini ilipotea. Imehifadhi na hali ya wakati ule: injini imepata moto, gari liko kwenye mwendo."

"Basi sensa inayopima mizunguko imekufa," fundi akadakia.

"Haijasema hivyo, mdogo wangu. Imesema ishara haikufika. Huenda ni sensa, huenda ni waya, huenda ni plagi yake. Namba hii ya kosa inakuonyesha mtaa tu. Nyumba utaitafuta mwenyewe."

Injini ilikubali kuwaka. Waliiacha ipate moto. Kwenye skrini, tarakimu za mizunguko zilikuwa zikicheza.

"Sogeza ule waya wa sensa polepole. Weka vidole mbali na mkanda unaozunguka," jirani akamwambia fundi.

Fundi akasogeza. Tarakimu zikaanguka hadi sifuri. Injini ikazima.

Walimulika kwa tochi. Waya ulikuwa umesuguana na chuma hadi shaba ikaonekana. Kompyuta ya injini ilikuwa nzima kabisa.

"Ukifuta kabla ya kusoma, unafuta ushahidi," jirani alisema taratibu. "Taa inazimika, ugonjwa unabaki."

Dereva alikuwa kwenye benchi, magongo yameegemea ukuta. "Waya tu?" aliuliza.

"Waya tu, baba."

Akatazama suruali yake iliyokunjwa na kubanwa kwa pini. Fundi akapiga magoti mbele yake. "Kaka..."

"Usiniambie kitu. Tengeneza."

Fundi alitengeneza huku machozi yanamdondoka kwenye mikono. Alikata kipande kibovu, akaunga waya mpya, akauziba vizuri, akaufunga mbali na chuma. Ndipo jirani alipomruhusu kufuta. Walikipeleka kibasi mwendo mrefu, wakarudi, wakasoma tena. Hakukuwa na kosa lolote.

Siku hizi kibasi kinaendeshwa na mtu mwingine. Fundi alisoma kwa jirani hadi akaijua programu ile. Kaka yake naye akajifunza, kwa kuwa kazi ya skrini haihitaji kuingia chini ya gari. Wanafanya kazi pamoja pale uani. Hawazungumzi sana.

Juzi alikuja mwenye teksi, ufunguo unamning'inia kidoleni. "Fundi, nifutie hii taa ya onyo la breki. Nina haraka."

Fundi akamgeukia kaka yake. Dereva akainua kichwa.

"Hapa tunasoma kwanza."

"Taa tu hiyo, mzee!"

"Na mimi niliambiwa hivyo."

Mwenye teksi aliona mguu usiokuwepo. Akakabidhi ufunguo, akakaa.

Dereva akaweka kompyuta mapajani. Mdogo wake akainama kwenye gurudumu la mbele, akashika waya wa sensa ya gurudumu hilo.

"Sogeza," dereva akasema.

"Hapa?"

"Bado. Shuka kidogo. Hapo! Ishara imekatika hapo."

"Nimeuona, kaka."

"Haya. Utengeneze vizuri, mdogo wangu."

Fundi akachukua koleo, akaanza kukata kipande kibovu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kaka yake kumwita "mdogo wangu".