Matundu ya Karatasi na Dalali wa Hisa

Je, wewe umewahi kushona karatasi bila uzi? Usicheke kwanza. Nyumbani kwao Kidoti, mwanafunzi wa ushonaji hakuruhusiwa kugusa kitambaa cha mteja kabla hajashona karatasi. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alichora mstari kwa penseli, akachomoa uzi kwenye sindano, kisha akasema, "Haya, ufuate huo." Kazi ikiisha, aliiinua karatasi dirishani. Mwanga ulipenya kwenye vitundu, na vitundu havijui kumsitiri mtu. Ulipopinda, palionekana.

Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya doa dogo jeusi shavuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, aliokota pini sakafuni kwa kipande cha sumaku, akafagia vipande vya nguo na kufuta vumbi la nyuzi kwenye cherehani. Dada yake mkubwa alikuwa keshakaa kwenye cherehani ya pili, ile ya kuazima. Dada aliacha shule mama alipougua mgongo, akaingia kazini kumsaidia, na tangu hapo alikuwa akidunduliza akiba yake.

"Huyu mwanangu anajinunulia cherehani yake mwenyewe," mama aliwaambia wateja, uso umemchanua.

Kila aliposikia hivyo, Dada aliinama akakata uzi kwa meno.

Asubuhi moja, mama akiwa jikoni, Dada alimwita mdogo wake kwa kidole. "Njoo uone maajabu."

Kwenye simu yake tarakimu za kijani zilikuwa zikipanda, moja ikiisukuma nyingine.

"Hii ni akaunti ya majaribio," Dada alinong'ona. "Dalali wa hisa anakupa pesa za kuchezea. Unajifunza kununua na kuuza hisa bila kuumia. Na mimi, tangu nianze, sijapata hasara."

"Hata kidogo?"

"Hata ya dawa!"

Kidoti alimtazama dada yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kumbe mikono ile ile iliyopiga pasi kola za watu ilikuwa na kipaji namna hii!

"Jioni naweka akiba yangu, pesa za kweli," Dada akaongeza. "Wanasema nafasi inafungwa leo. Mama asijue. Na wewe, mdomo wako huo, utie kufuli."

Siku hiyo hiyo, baada ya masomo, klabu ya hesabu ilikuwa na kazi ya kuchagua dalali. Mwalimu wao, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alitaka wanafunzi wajifunze soko la hisa kwa akaunti ya majaribio. Alifunga mapazia, akaelekeza projekta ukutani, na ukuta wote ukajaa majina ya kampuni na bei zake. Bei hazikutulia. Hii ilipanda, ile ikashuka, nyingine ikapepesa kama jicho.

"Hisa ni kipande cha kampuni," mwalimu alieleza. "Mnaiona hii? Ndiyo kampuni inayotengeneza sabuni mnayoogea. Mwenye hisa moja, naye ni mwenyewe, ingawa kwa kipande kidogo."

"Kwa hiyo povu langu lina wenyewe?" aliuliza Kasuku, jirani yake Kidoti kwenye dawati. Darasa likaangua kicheko.

Kidoti hakucheka. Alikuwa ameduwaa. "Mwalimu, hiyo bei imebadilika sasa hivi. Nani kaibadilisha?"

"Watu. Kuna mtu mahali fulani ameuza, na mwingine amenunua. Hawajuani, wala hawataonana. Anayeuza anaona imetosha, anayenunua anaona bado. Wanapokubaliana, bei inazaliwa."

Nywele za Kidoti zilisisimka. Watu wote hao! Wengine labda walikuwa madukani, wengine vitandani wanaumwa, wengine wanabembeleza watoto, na pumzi zao zote zilikuwa zikipita hapa, kwenye ukuta huu uliobanduka rangi. Alitamani aunyooshee mkono, kama mtu anayegusa maji yaliyotulia.

"Sasa," mwalimu akasema, "tumtumie dalali gani?"

"Mwenye rangi nzuri!" alisema Kasuku.

"Wewe ungenunua hata ugonjwa, mradi umefungwa kwenye karatasi ya zawadi," mwalimu alimjibu.

Kidoti aliinua mkono, kifua mbele, akataja dalali wa dada yake. "Huyo, mwalimu, ukijifunza kwake hupati hasara kabisa."

Mwalimu alivua miwani. "Kabisa?" Akafikiri kidogo. "Vizuri. Tumpime pamoja na mwingine."

Alifungua akaunti za majaribio kwa madalali wawili, akanunua kwa kila mmoja hisa ile ile ya kampuni ya sabuni. Kisha wakangoja. Mchana ule kampuni ilikuwa imetangaza kwamba mtambo wake mkubwa umeharibika. Ukutani, bei ya sokoni ikaanza kuteremka kama ndoo iliyokatika kamba. Kwa dalali wa kwanza, hisa yao ikageuka nyekundu. Kwa dalali wa Dada, hisa hiyo hiyo ilizidi kupanda, kijani kibichi, kana kwamba haikusikia kitu.

"Hee!" darasa zima likaguta.

Mwalimu akatafuta jina la dalali huyo kwenye tovuti ya mamlaka inayotoa leseni. Hakuwemo. "Dalali wa kweli ana leseni," akasema. "Majaribio yake hufuata bei za soko, ziwe tamu ziwe chungu. Wala hakukimbizi uweke pesa leo leo."

Karatasi ya mama ikamjia Kidoti akilini. Dalali huyu alikuwa kama fundi anayekupa karatasi isiyotoboka, ushone kombo mpaka uchoke, kisha akupe kitambaa cha harusi ukikate. Alinyakua mkoba akatoka mbio, hata kuaga hakuaga.

Alimkuta Dada nyuma ya meza ya pasi, simu mkononi. Chumba cha pili mama alikuwa akimpima mteja kiuno.

"Dada, usitume!"

"Shh! Nani kakuambia upige kelele?"

"Huyo dalali ni tapeli. Mwalimu amempima."

Uso wa Dada ukakunjamana. "Kwa hiyo mimi sijui? Kwa kuwa sikumaliza shule?"

Neno hilo lilimchoma Kidoti. Kisha akasema taratibu, "Sikuja kukuonyesha hujui. Fumba macho. Nunua chochote."

"Unanichezea."

"Fumba tu, dada yangu."

Dada alifumba macho, akabonyeza kiholela. Alipofumbua, ilikuwa kijani, faida. Akafumba tena, safari hii akibonyeza kwa kiwiko. Kijani. Akanunua hisa mbaya makusudi, ya kampuni ambayo redio ilisema inafungwa. Kijani, na fataki zikalipuka kwenye kioo kumpongeza.

Dada alikaa chini juu ya fungu la nguo. "Hata nikifumba macho," alisema kwa sauti ndogo. "Basi hakikuwa kipaji changu."

"Nini hakikuwa kipaji?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. Mteja alikuwa keshaondoka. Wakamweleza yote, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Mama hakufoka. Alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi kuukuu iliyokunjwa, akaiinua dirishani. Jua la jioni likapita kwenye mamia ya vitundu, na ukutani pakatokea kama anga dogo lenye nyota, mstari mmoja ukienda upogo kama mlevi.

Wasichana wote wawili walibaki vinywa wazi.

"Ya nani hiyo?" Kidoti aliuliza.

"Ya dada yako, siku yake ya kwanza. Niliitunza kwa kuwa hapo ndipo alipojifunza." Mama akaishusha. "Wanangu, mazoezi yanayokusifu tu hayakufundishi, yanakulaza. Mwalimu mwema hukuonyesha ulipopinda wakati bado ni karatasi. Anayekuficha makosa yako, ujue anakitaka kitambaa chako. Akiba ipo?"

"Ipo, mama. Sijatuma."

"Alhamdu, tumeponea chupuchupu. Kesho tutakwenda wote kwa huyo mwalimu, tumwone dalali mwenye leseni, nawe ujifunze vizuri ukipenda. Cherehani yako tutainunua polepole, haraka ya nini?"

Dada alizima simu. Aliitazama ile karatasi, akaitazama cherehani ya kuazima, na safari hii hakuinama kukata uzi.

"Mama," alisema, "mimi sikuwahi kutaka cherehani. Nataka kurudi shule."