Sukari Iliyopanda Alasiri

Kila adhuhuri, katika shule moja ya mji wa Lieksa, kaskazini kwenye baridi kali, Kerttu alipanga foleni ya chakula kama wenzake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa na kisukari. Alitazama sahani yake, akakadiria wanga uliomo, akajidunga insulini, ndipo akala: nusu ya sahani mboga, robo viazi, robo samaki. Kipimo kilichobandikwa mkononi kilituma habari za sukari ya damu kwenye simu yake na ya mama yake.

Tangu theluji ikolee, sukari hiyo ilikuwa ikipaa kila alasiri, na hakuna aliyejua sababu. Mama alipiga simu kutoka kazini akauliza amekula nini, kisha akanyamaza kidogo. Kimya hicho kilimuuma Kerttu kuliko sindano. Aatu, jirani yake darasani, hakunyamaza.

"Fungua mkoba tuone peremende, mwizi wa sukari," alimtania mbele za watu.

Mwalimu naye alisema wazi kwamba sukari isipotulia, Kerttu hataenda na wenzake kuteleza kwenye theluji ya mlima Koli siku ya Ijumaa. Zamani shule ilikuwa na msaidizi wa kumwangalia mtoto kama yeye safarini. Wakubwa wa manispaa waliifuta kazi ile ili kubana matumizi, mzigo wakamtwika mtoto.

Baada ya masomo Kerttu alikuwa akishinda kwa Babu Tauno, aishiye peke yake tangu bibi afariki. Babu hakuwa na shaka hata chembe.

"Ni jikoni kwenu shuleni," alisema. "Chakula kinapikwa mji mwingine, kinaletwa na lori kama kuni. Wanatia sukari kwenye mchuzi ili mle mnyamaze. Na yule mgawaji wenu, Pirkko, anajua."

Maneno hayo aliyarudia dukani, kila mtu akayasikia. Kerttu akaanza kumtazama Bi Pirkko, mgawaji wa chakula, kwa jicho la pembeni. Siku moja aliinamia sufuria akainusa.

"Unatafuta nini humo, binti? Nzi?" Bi Pirkko aliuliza. "Walikufa kwa baridi tangu Septemba." Lakini hakucheka.

Jumatano Babu alikwenda kwa daktari wa meno, hivyo Kerttu alirudi nyumbani moja kwa moja. Alikuwa amekula mchuzi uleule, wa lori lilelile. Alasiri ile sukari haikupanda.

Aliitazama simu kwa muda mrefu. Kwa Babu alizoea kula mkate mweusi na jibini, navyo alivihesabu daima. Kulikuwa pia na kikombe cha supu ya moto ya beri, vitunda vya msituni, ambayo Babu alianza kumpikia theluji ilipokolea. Hicho hakukihesabu kamwe, kwa kuwa kilikuwa kinywaji tu, na kwa kuwa Babu alikiita dawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Akawaza: nikinyamaza, lawama itabaki kwa Bi Pirkko na mimi nitabaki darasani; nikisema, nitamvunja moyo Babu.

Alhamisi, Babu alipoinua birika, Kerttu aliziba kikombe kwa kiganja.

"Babu, unaipikaje supu hii?"

"Beri, maji, unga wa viazi. Na sukari kidogo, isiwe chachu."

"Kidogo kiasi gani?"

Babu alikunja uso. "Kwa hiyo sasa mchawi ni mimi? Beri nimezichuma kwa mikono yangu."

"Sikusema mchawi. Nionyeshe tu unavyomimina."

Babu akachukua bakuli tupu, akamimina sukari kama alivyozoea. Alimimina, akamimina. Katikati mkono ukapunguza kasi, kisha ukasimama. Akakaa kitini, akilitazama rundo la sukari bakulini.

Mama alipofika aliwafundisha kukadiria sukari ile na unga wa viazi, ambao nao ni wanga. Kerttu akajidunga kiasi kinachofaa, akanywa nusu kikombe. Sukari ilipanda kidogo, ikashuka, ikatulia. Mama aliomba msamaha kwa kile kimya chake, kisha akampigia mwalimu, naye akaridhia Kerttu aende.

Ijumaa asubuhi, basi la Koli likiwa linanguruma, Babu alitokea mlango wa nyuma wa jiko la shule, kofia mkononi. Alikuwa amemwomba radhi Bi Pirkko, naye alimjibu kwamba amekubali, ila akaseme hayo dukani pia. Babu akamwendea mjukuu wake.

"Sikiliza, binti yangu," alisema. "Mwenye kisukari hatakiwi kushinda njaa, wala haogopi chakula. Anakula sahani kamili, mboga nyingi, wanga kwa kiasi, na samaki au maharage. Na kila kinachopita kooni anakihesabu, hata kinywaji, hata kile anachokiita dawa mtu anayempenda. Mimi niliwashuku wakubwa kwa sababu makosa yao ni mengi. Wanayo hadi leo. Lakini hili lilikuwa langu. Haya, panda, wenzako wanakungoja."