Bastola Isiyokubali Kuwa Tupu

Mimi ni mtu wa vyuma. Kitu kikifunguka kwa bisibisi nakiamini, kisipofunguka nanywa kahawa yangu na kuwaachia wengine wakibishanie. Nimesema hivyo maisha yangu yote, na watu wa mji wetu huu mdogo wa mashariki mwa Oklahoma wanalijua hilo. Kwa hiyo haya yaliyompata dada yangu Raelynn siyasimulii kwa kupenda. Nayasimulia kwa sababu nilikuwepo.

Kazi yangu ni kufundisha shabaha kwenye duka la bunduki la mzee Delbert. Mteja akitaka bastola ya kubeba kwa siri, mimi ndiye ninayeijaribu kwanza. Maneno yaliyoandikwa kwenye boksi siyasikilizi. Naivaa kiunoni, nainama nayo, napanda nayo gari, naifyatua mpaka mikono inuke baruti. Ndipo natoa kauli, maana mtu ataikabidhi roho yake.

Safari hii mteja alikuwa damu yangu. Raelynn ni muuguzi, anafanya zamu za usiku na kulala mchana. Aliyekuwa mume wake, Lyle, alivunja mlango wake wa mbele majira ya baridi, na mlango ule ulikuwa bado umepigiliwa mbao. Mahakama ilimpa Lyle amri ya kutomkaribia mtalaka wake. Amri ni karatasi, na karatasi haijawahi kuzuia ngumi. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtoto wao wa miaka sita, Josie, na Lyle alikuwa ameapa kumchukua.

Jumapili moja baada ya kanisa walikuja kwangu kula biskuti za moto, vile vimkate laini vya huku kwetu, na mchuzi mweupe wa soseji. Josie alitoka kuendesha baiskeli uani, nami nikamwonyesha mama yake bastola niliyomchagulia. Ilikuwa imetumika kidogo, imeletwa dukani kubadilishwa na nyingine. Ndogo, haijazi hata kiganja changu, lakini magazini yake inabeba risasi kumi na mbili, na ya kumi na tatu inakaa chemba, ndani ya mtutu, tayari kufyatuliwa. Zamani kwa udogo ule ungepata tano au sita na kushukuru. Nilimpa avae ala ndani ya suruali, chini ya lile shati lake pana la kazini.

"Inama," nikamwambia. "Jifanye unamfunika mgonjwa shuka."

Akainama.

"Naona kivimbe."

"Hicho kivimbe ni biskuti zako, kaka. Angalia upande wa pili."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kweli, upande wa pili hapakuonekana kitu. Akaketi, akasimama, akanyoosha mikono juu kabatini, na bastola ikabaki siri yake. Tulibishana jambo moja tu, na ndilo watu wote wa kazi hii hubishania.

"Ukiibeba, ibebe imekokiwa, risasi iko chemba," nilisema. "Lyle hatakaa kitini akusubiri ukoki."

"Na Josie je? Silali nyumba moja na mwanangu na kitu kinachongoja kuguswa tu. Chemba itakaa tupu, Hollis. Kwa hilo sirudi nyuma."

Sikumlaumu. Tukaanza mazoezi ya kuichomoa. Kanuni yangu haibadiliki: risasi zote chumba kingine, magazini nje, chemba inachunguliwa na watu wawili. Mimi nilichungulia. Raelynn alichungulia, akaingiza na ncha ya kidole chake kidogo, akasema, "Tupu." Akaichomeka kwenye ala. Akavuta pumzi. Akaichomoa vizuri sana, akailenga kalenda ya ukutani, kidole kikaanza kushuka kwenye kifyatulio.

Sijui ni nini kilichonifanya niushike mkono wake. Nasema kweli, sijui. Niliichukua, nikavuta sehemu ya juu nyuma, na risasi ikaruka ikadunda sakafuni.

Nje, upande wa pili wa ukuta ule wa mbao wenye kalenda, kengele ya baiskeli ya Josie ilikuwa ikilia.

"Umeiweka wewe?" Raelynn alinong'ona.

"Ulichungulia mwenyewe."

Niliiokota. Risasi zangu zote zina maganda ya shaba, ya manjano, nazinunua za aina moja miaka nenda rudi. Hii ilikuwa na ganda jeupe kama fedha. Sikuwa na risasi ya namna ile nyumbani kwangu.

Nilijilaumu. Nilisema nimezeeka, macho yamekwisha, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Kesho yake nikaipeleka uwanjani kuimalizia majaribio. Tukiacha hofu kando, ile ilikuwa bastola nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Haikukwama hata mara moja. Haikurusha mkono. Ilimaliza magazini baada ya magazini, na tundu zote kwenye karatasi zingefunikwa na kisosi cha kikombe. Nikaisafisha, nikaifungia kabatini ikiwa tupu kabisa, na magazini zake kando. Ufunguo wa kabati lile tulikuwa nao wawili tu duniani, mimi na Raelynn.

Jioni ya siku iliyofuata nikaifungua.

Chemba ilikuwa na risasi. Nyeupe.

Nikaitoa, nikaiweka mezani. Nikafunga chemba. Nikafungua tena palepale, nikiwa nimesimama, taa inawaka, macho yangu hayajabanduka.

Nyeupe nyingine.

Niliichukua kwa vidole viwili. Ilikuwa na joto. Si joto la kufyatuliwa, maana ilikuwa nzima. Lilikuwa joto la kitu kilichoshikwa muda mrefu kwenye kiganja cha mtu.

Nilimpigia Raelynn nikamwambia ile haimfai, asubiri nimtafutie nyingine. Hakunielewa, na mimi sikuwa na maneno ya kumwelewesha.

"Lyle naye atasubiri?" akaniuliza. "Umemwambia?"

Siku iliyofuata nilimbana mzee Delbert dukani. Mchana ulikuwa umeanza kuingia kiza, mbingu ina rangi ya jani, ile rangi ya kimbunga ambayo huku kwetu huwafanya watu waanze kutazama madirisha. Hapakuwa na mteja hata mmoja, lakini mzee alishusha sauti.

"Aliileta mpwa wa marehemu mwenye nayo," alisema. "Dada mmoja wa kaunti ya jirani. Alikuwa na mume mkorofi kama huyo wenu, ndiyo maana akanunua. Umeme ukakatika, tufani kama hii inayokuja. Akasikia nyayo ukumbini, akafyatua."

"Mume wake?"

"Mama yake mzazi. Alikuwa amekwenda kutafuta mshumaa."

Niliweka kikombe changu cha kahawa mezani.

"Na yule binti?"

"Hakusema tena. Alikufa mwaka uleule, huko walikompeleka kutunzwa. Mpwa wake anasema mpaka siku ya mwisho mikono yake haikutulia. Ilikuwa ikikoki hewa. Inakoki, inakoki."

"Mzee, na hukuniambia?"

"Chuma ni chuma, kijana wangu. Si ndiyo wimbo wako?"

Simu yangu ikatetema mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Raelynn. "Lyle kaniandikia. Leo anamchukua Josie, kwa heri au kwa shari. Nimepita kwako nikachukua bastola. Nakwenda kwangu kulala kidogo, zamu imenimaliza. Usinigombeze. Mchukue Josie shule, ukae naye kwako."

Nilipiga. Haikuita. Nikapiga tena. Mtandao ulikuwa umekufa.

Nilimchukua Josie shuleni na hapohapo king'ora cha kimbunga kikaanza kulia mji mzima. Nyumba yangu ilikuwa mbali. Ya Raelynn ilikuwa karibu, na ndani yake kulikuwa na kile kitu. Nikakanyaga mafuta. Mvua ilipiga kioo kwa ubavu. Josie alikuwa amejifunika kofia ya koti, amekumbatia begi lake.

"Mjomba, mama anaogopa king'ora," akasema. "Nitamwambia asiogope."

"Utanisubiri mimi kwanza. Umesikia? Tunaingia pamoja."

Lakini mtoto anayemtaka mama yake hana masikio. Gari halijasimama sawasawa, mlango umefunguka, na Josie anakimbia kuelekea mlango wa nyuma, ule pekee uliokuwa ukitumika. Nilimwita. King'ora kilimeza sauti yangu. Nikateleza kwenye tope, nikaanguka, nikainuka. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Ndani giza. Umeme umekatika.

Nilifika kizingitini. Nilimwona Josie mbele yangu, mgongo tu, kofia kichwani, maji yakimchuruzika, begi limemfanya awe na umbo lisilo la mtoto. Alikuwa katikati ya ukumbi. Hakusema kitu. Alikuwa akihema.

Mwisho wa ukumbi, Raelynn alikuwa amepiga magoti. Mikono imenyooka.

Niliijua ile mikono. Mimi ndiye niliyeifundisha.

Nilifungua mdomo nipige kelele.

Akabonyeza.

Kah.

Mlio mdogo tu, wa chuma kugonga patupu. Nimeusikia mara nyingi kuliko jina langu. Sijawahi kuusikia ukiwa mtamu vile.

"Mama?" Josie akasema. "Ni mimi."

Raelynn alilia kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Bastola ikaanguka. Alimvuta mtoto kifuani akamshika kama anayetaka kumrudisha tumboni. Mimi niliiokota ile bastola, nikaifungua. Magazini ilikuwa imejaa risasi zangu za manjano, haikupungua hata moja. Chemba ilikuwa tupu. Niliingiza kidole. Tupu.

"Ilikuwemo," Raelynn akanong'ona. "Nilichungulia nilipoamka. Sikukoki, Hollis, naapa kwa mtoto huyu, lakini ilikuwemo. Nyeupe. Niliiona."

"Sasa haimo."

"Mungu akubariki kwa kunishika mkono. Ungechelewa kidogo tu..."

"Nani?"

"Wewe. Ulinishika hapa ukanivuta chini. Umeniumiza hata."

"Raelynn," nikasema, "mimi nilikuwa mlangoni."

Alinitazama. Akautazama mlango, akautazama ukumbi wote uliokuwa kati yetu. Kisha akainua mkono wake wa kulia karibu na dirisha. Kwenye kifundo palikuwa na alama za vidole, vyembamba, vya mkono mdogo wa mtu mzima. Zilikuwa nyekundu, zinaanza kugeuka bluu. Alama ya kidole kimoja ilikuwa na mkato mzito wa kuzunguka, palipokandamizwa na pete.

Mimi sivai pete. Yeye yake aliitupa mtoni siku ya talaka.

Lyle hakuja siku ile. Walimkamata kesho yake katika jimbo la jirani kwa kuvunja amri ya mahakama, na mpaka leo yuko ndani. Bastola niliikata vipande kwa msumeno wa umeme, mzee Delbert akisimama kando kofia mkononi. Alama za mkononi hazijafutika, na huu ni mwaka wa pili. Raelynn huvaa saa juu yake ili wagonjwa wasimuulize. Mimi nina mawazo yangu kwamba katika chuma kile kulikuwa na mikono ya watu wawili, wa yule binti unaweka na wa mama yake unatoa, lakini hilo kwa bisibisi sitalithibitisha.

Ila wakati ule hatukuwa na nafasi ya kuwaza. King'ora kilikuwa bado kinalia na nyumba imeanza kunguruma. Tulikimbilia bafuni kama kila mtu huku kwetu afanyavyo, tukaingia ndani ya beseni la kuogea, Josie katikati, nikavuta godoro juu ya vichwa vyetu. Tulibanana. Nilisikia kioo kikipasuka jikoni.

"Mama," Josie akasema gizani. "Na yule bibi je?"

Raelynn alimgeukia.

"Bibi gani, mwanangu?"

"Aliyepiga magoti na wewe. Bado yuko ukumbini. Kimbunga kitamchukua."

Hatukuwa tumemwambia mtoto yule habari za bibi yeyote. Raelynn mwenyewe alikuwa hajasikia hadithi ya mzee Delbert, nilikuwa sijapata hata dakika ya kumsimulia.

Kisha nikahisi dada yangu akijivuta kwangu, akimvuta na Josie, mpaka bega lake likanigandamiza ukingoni. Akainua pembe ya godoro upande wake.

"Ingia, mama," akasema kuelekea ukumbini. "Tutaenea."