Mlio Uliokwisha Kupona

Ijumaa, saa moja na dakika arobaini asubuhi, gari lilikutwa limejibana kwenye ukuta wa daraja, gurudumu la mbele kushoto limelala chini yake. Muuguzi aliyeliendesha alitolewa dirishani, mguu umevunjika mara mbili. Saa nne, fundi wake alikuwa amefungwa pingu kwenye meza ya gereji yake mwenyewe, na nje watu wenye hasira walikuwa wakipiga mlango wa bati.

Inspekta, mama mfupi asiyependa kuharakishwa, alikuwa amepewa mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo, fundi angepelekwa rumande.

"Gari ulilitengeneza Jumatano. Ulifanya nini?"

"Lilikuwa linalia likikata kona, afande. Ka-ka-ka-ka. Huo ni mlio wa jointi ya ekseli, nikaweka mpya. Ila kuifikia lazima ufungue boli linaloshika gurudumu kwa chini. Nikalirudisha, nikakaza nati, nikatia pini, nikachora."

"Ukachora nini?"

Mstari mweupe wa rangi, kutoka kwenye nati mpaka kwenye boli, ili nati ikizunguka tu, mstari ukatike. Kila nati aliyoikaza aliichora hivyo, na wenzake walimcheka mpaka wakambandika jina la Wanja. Inspekta aliinama chini ya gari lililovutwa pale. Kwenye boli, nusu ya mstari ilikuwapo. Nati na pini havikuwapo.

"Nimekwisha," Wanja alisema, machozi yakimtoka. "Mkono wa mwisho kuishika ni wangu. Huko nje wataniua, na ndani nitaozea."

Aliyefuata kuhojiwa ni mwosha magari, ambaye ndoo yake ilikutwa na spana.

"Ya bomba langu hiyo, afande! Alhamisi saa kumi na moja jioni nililiosha. Nikaona kitu cheupe nyuma ya gurudumu, nikadhani ndege kajisaidia. Nikasugua weee, kimegoma. Kumbe ni mstari, umenyooka kutoka kwenye nati hadi kwenye boli."

"Kisha?"

"Dada muuguzi akaja kulichukua, akaenda kulilaza uani kwake."

Saa tisa alifika mume wa muuguzi, shati limepigwa pasi.

"Uani kwenu anaingia nani usiku?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna. Funguo za geti nalala nazo mimi. Afande, mbaya wetu si huyu hapa? Alhamisi asubuhi mke wangu alinipeleka kazini. Kila kona, ka-ka-ka-ka! Nikamwambia, fundi kakuharibia gari."

"Na kwenye matuta?"

"Kimya. Kona tu. Naapa."

Inspekta alimgeukia fundi. "Nati ya boli lile ikilegea, gari linaliaje?"

"Linagonga kwenye matuta, afande. Ko, ko."

Wanja aliomba aletewe debe la vyuma chakavu. Akatoa jointi kuukuu aliyoivua kwenye gari lile, akaizungusha kwa mkono uliokuwa huru. Ka-ka-ka-ka. Mume alitazama mlango. Ulikuwa umefungwa.

"Mlio ulioapa kuusikia Alhamisi," Inspekta alisema, "umo ndani ya debe hili tangu Jumatano. Hukupanda gari lile, bwana. Ulikuwa unamtafutia fundi kesi. Jioni nati ilikuwa nzima, usiku geti limefungwa, na funguo ni zako. Kwa nini?"

Mume alikaa juu ya tairi.

"Kesho alikuwa anahamia hospitali ya mji mwingine. Barua aliificha, nikaiona. Nilitaka gari limfie hapo getini, asiende. Sikutaka aumie."

Pingu zilihama mkono. Wanja alisugua kifundo cha mkono, akakaa palepale kwenye meza.

Wodini, Inspekta alimweleza muuguzi yote. Alisikiliza huku akitazama mguu wake uliotundikwa.

"Kwa hiyo amefaulu," alisema. "Miezi minne siendi popote."

Inspekta alimwekea funguo za geti kiganjani. Muuguzi alizigeuza moja moja.

"Miaka sita," alisema, "ndiyo mara ya kwanza nazishika." Akazitia chini ya mto, akalala juu yake.